Boston 2011: Mutai HAKUIBIWA rekodi, na nyie wa muda wa mteremko acheni kutujazia jukwaa

Wakuu, salaam.

Kila Aprili uzi ni uleule: Mkenya alidhulumiwa rekodi ya dunia kwenye marathoni ya Boston, Marekani. Imetosha. Wanaolia humu hata ramani ya ile njia hawajaifungua.

Tarehe 18 Aprili 2011 Geoffrey Mutai alimaliza kwa 2:03:02, Moses Mosop akafuata sekunde 4 nyuma. Rekodi wakati huo ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, Berlin 2008. Muda wa Mutai haukuingizwa, na kanuni haikutungwa siku ile kumkomoa mtu. Inasema mteremko kati ya mwanzo na mwisho usizidi mita 1 kwa kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, na mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio. Boston inashuka karibu mita 140. Mstari wa kutoka Hopkinton, mbio zinapoanzia, hadi mjini Boston zinapoishia ni kama asilimia 91 ya njia. Imefeli kotekote kabla mtu hajafunga kamba za viatu!

Hilo sharti la mstari ndilo la upepo, na ndilo mnalolipuuza. Mita 100 zina kipima upepo: ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, hakuna rekodi. Ndiyo maana sekunde 9.77 za Mkenya Omanyala, Nairobi 2021, ni safi. Upepo ulikuwa 1.2. Barabarani hakuna kipimo hicho, kwa hiyo njia inalazimishwa kujikunja ili ulichopewa ukienda ukirudishe ukigeuka.

Tena unarudisha na riba. Chukua mkimbiaji wa mita 6 kwa sekunde na upepo wa mita 3. Ukinzani wa hewa hufuata mraba wa kasi ya hewa inayomkabili. Kukiwa shwari ni 6×6, yaani 36. Upepo ukiwa mgongoni, 3×3, 9 tu. Ukiwa usoni, 9×9, 81. Wastani wa kwenda na kurudi ni 45, mbaya kuliko siku shwari. Boston hairudi: inaelekea mashariki moja kwa moja, na siku ile upepo ulitoka magharibi. Nahodha anayetoka Kilwa kwenda Lamu msimu wa kusi hatangazi kwamba jahazi lake ndilo lenye kasi kuliko yote.

Mutai mwenyewe sina neno naye. Novemba mwaka uleule alikimbia New York, njia ya madaraja na vilima, kwa 2:05:06, akaifuta rekodi ya pale ya 2:07:43. Huo ndio ushahidi wa ubora wake, lakini humu hautajwi.

Wanaonikera zaidi ni waandaaji wanaouza mbio za kushuka mlima kama njia ya kasi huku mchoro wa mwinuko wameuficha, na wateja wao wanaokuja kututambia. Marekani kuna marathoni zinazoshuka zaidi ya mita 1,500. Boston wenyewe wamechoka: kwa mbio za 2027, muda wa kufuzu uliopatikana kwenye mteremko wa futi 1,500 hadi 2,999 unaongezwa dakika 5, futi 3,000 hadi 5,999 dakika 10, na kuanzia 6,000 haupokelewi kabisa. Wala msidhani kushuka ni bure. Kila hatua paja linafunga breki huku msuli ukivutwa, nyuzi zinachanika, na ukifika kilomita 30 miguu inakataa hata pafupi palipo tambarare.

Kwa hiyo ukiweka muda wako humu, weka na kimo cha mwanzo, kimo cha mwisho na upepo ulivumia wapi. Bila hivyo kaa nao.

NYONGEZA: Mnaonijia na vilima vya Newton kwenye njia ya Boston, sawa, vipo, kati ya kilomita 25 na 34, na kupanda kunakula zaidi ya kile ambacho kushuka kunarudisha. Basi linganisheni njia ileile, vilima vilevile. Mwaka 2018 upepo ulikuwa usoni, na mvua na baridi juu yake. Yuki Kawauchi alishinda kwa 2:15:58.