Naomba ushauri, ngamia jike kapandwa ila sielewi kama ana mimba

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina jike langu la miaka 6, alishazaa mara 1, lile dume lilipoanza kutoa povu mdomoni na kile kipuzo chekundu, ule mfuko laini unaotokeza mdomoni kama puto (mnakijua, kelele zake hata kulala hulali) nikawaweka pamoja, akakaa chini akapandwa vizuri tu kama dakika 15 hivi. Nikarudia kesho yake maana nasikia ngamia yai halishuki mpaka apandwe kwanza, sio kama ng'ombe.

Sasa wiki ya 3 hii, dume likisogea anakunja mkia juu anakaza shingo na kukojoa kidogokidogo, wazee wanasema hiyo ni mimba tayari. Shida mwaka juzi alinifanyia hivihivi halafu baada ya miezi kadhaa mkia ukashuka, akakubali dume tena, sikuona hata damu.

Je nimpime kwa ultrasaundi sasa hivi au nisubiri? Na ile ya mwaka juzi, inaweza kuwa mimba iliharibika kwa brusela au surra (magonjwa yanayoweza kutoa mimba)? Maana mimba miezi 13, nikikosea hapa msimu wote umeenda.