Nitamjuaje MCA wa kumpa kura 2027?

Fundi_wa_Sokoni
Wadau, salaam. Mimi ni fundi cherehani huku Pwani ya Kenya, kibanda changu kinatazamana na soko. Kuhusu urais nina msimamo wangu na siutafutii ushauri. Kinachonitatiza ni karatasi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Wanaotaka kiti cha wadi yetu wameanza kupita vibandani tangu zamani. Mmoja ameahidi kituo cha polisi, mwingine madarasa ya sekondari, wa tatu ameniletea kazi ya kushona bendera za chama na hajamaliza kulipa. Watu kama hawa niwaulize nini ili nijue nani anafaa? Naomba majibu, matusi ya vyama tuyaache.

Bi_Mwalimu
Huyo wa bendera mdai kwanza, mwanangu, siasa baadaye.

Nimestaafu kufundisha chekechea, na chekechea ni ya kaunti, ndiyo maana nililazimika kujua nani hufanya nini. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti imepewa zahanati na hospitali zake, ambulensi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, maji, masoko, taka. Polisi na sekondari ni za serikali kuu. Kwa hiyo hao wawili wa mwanzo wamekuahidi vitu ambavyo bunge la kaunti halina mkono navyo. Huenda si waongo, hawajui tu kiti wanachokiomba. Mimi hilo naliona baya zaidi ya uongo.

Halafu MCA hajengi kitu. Anayejenga ni gavana na mawaziri wake. MCA hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, huwahoji watendaji, na hata hoja ya kumng'oa gavana huanzia kwao kabla ya kufika Seneti. Akikwambia "nitawajengea", muulize kwa pesa gani.

Mimi huanza na bajeti. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Ya kwetu ni PDF nzito, usiifungue kwa bando la saa moja. Pita maneno yote ya mbele, nenda kwenye orodha ya miradi, tafuta jina la wadi. Nilikuta mstari mmoja wa choo cha zahanati, na kiasi cha pesa kando yake. Baadaye nikasoma ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, ambayo hutoka kila robo mwaka, nione kaunti imetumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa mishahara na safari. Sheria inataka maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti. Kisha nikaenda zahanati mwenyewe. Choo kipo. Mlango hakuna, wagonjwa wanaziba kwa leso.

Sasa anayetetea kiti nitamuuliza alisema nini bungeni kuhusu zahanati ile, na Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge, ipo, asinidanganye. Mgeni nitamuuliza: kwenye bajeti hii hii ungepunguza wapi ili uongeze wapi? Anayejibu kwamba ataongeza kila mahali hajawahi kupanga hata matumizi ya nyumba.

Boda_wa_Steji
Mama, kwa heshima zote, hizo PDF nani atasoma? Huku kura zinakwenda kwa ukoo na mia mbili ya jioni. Tena mshindi anajulikana siku ya mchujo wa chama, Agosti tunakwenda kugonga muhuri tu.

Bi_Mwalimu
Ukoo wetu sisi una wagombea watatu, niambie utanisaidiaje kuchagua. La mchujo umesema kweli, ndiyo maana maswali yanaulizwa sasa, si Julai. Na hiyo mia mbili, sheria inamshika anayetoa na anayepokea pia.

Mrabai_Mjini
Fundi, umejiandikisha wapi? Mimi nafanya kazi Mombasa lakini jina langu liko Rabai, kwa hiyo MCA wa hapa ninapolala, hata anikere vipi, simgusi kwa kura. Ukitaka kuhamisha kituo, sheria inataka ufanye hivyo si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Chukua kitambulisho uende ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge unalohamia. Msingoje foleni ya mwisho.

Fundi_wa_Sokoni
Nimejiandikisha hapa hapa, asante. Bi Mwalimu, ripoti ya Mdhibiti nimeipata, lakini ina kaunti zote 47 na wadi yangu haimo kabisa.

Bi_Mwalimu
Kaunti zimepangwa kwa alfabeti, shuka mpaka yetu, kisha tazama jedwali la idara, hasa ya afya. Wadi usiitafute humo, wadi imo kwenye bajeti ya kaunti. Na hakikisha umefungua ripoti ya mwaka mzima. Ya robo ya kwanza huonyesha karibu hakuna kilichotumika kwa maendeleo, utamlaumu mtu bure. Bajeti ukiikosa mtandaoni, muandikie karani wa bunge la kaunti, utaje Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Peleka barua mbili, moja waigonge muhuri wa kupokea, uondoke nayo.