Kibali kinasema mhadhiri, chuo kinasema fungua kampuni

Kutoka: Mwalimu wa Goba

Wandugu, habari za wikendi. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Wengi mnajua nafundisha uhandisi chuo kimoja hapa Dar, mwaka wa nne sasa. Mimi si raia, ila nina kibali cha Klasi B na kibali cha kazi, vyote viko sawa. Tangu mwaka jana wakuu wetu wameshika wimbo mmoja: wahadhiri muwe wajasiriamali, tafiti zitoke kabatini. Fomu ya tathmini imeongezewa sehemu ya "ubiasharishaji wa matokeo ya utafiti", na ukiiacha wazi mkuu wa idara anakurudishia. Mimi na wanafunzi wangu wawili tumetengeneza kikaushio cha jua cha dagaa, kile mlichokiona siku ya nyama choma Mbezi. Chuo kikafurahi, kikasema tusajili kampuni: chuo kiwe na hisa zake, wanafunzi zao, na mimi zangu.

Nikaenda ofisini kuuliza. Ofisi gani, msinilazimishe kuandika. Dada wa dirishani akachukua kibali changu, akaweka kidole juu ya neno "mhadhiri", akaniuliza, "Hapa pameandikwa kuuza dagaa?" Nikamwambia siuzi dagaa, nauza mashine ya kukaushia dagaa. Akasema, "Ni hayo hayo." Foleni nzima nyuma yangu ikacheka.

Swali langu ni moja tu: kuwa na hisa, bila mshahara na bila kuwa mkurugenzi, ni kuvunja masharti ya kibali au siyo?

Kutoka: Baba Chebet, Sinza

Pole sana Mwalimu. Wewe angalau una hisa za kuulizia. Mimi sikuwa na hata moja. Mke wangu, ambaye ni Mtanzania, ana duka la unga. Jumamosi moja akaniachia kaunta robo saa akafuate mifuko. Wakaingia jamaa wawili, wakaomba kilo mbili za sembe, nikawapimia, nikawapa chenji. Kisha wakatoa vitambulisho. Nimetoa maelezo mpaka saa mbili usiku. Kibali changu kinasema mhasibu, nikawaambia kuhesabu chenji pia ni uhasibu. Hawakucheka.

Ushauri wangu: usiguse.

Kutoka: Mama Atieno

Jamani, kila mwaka narudia jambo hili. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Karatasi mbili, sheria mbili. Na Klasi B ya ukaazi SIYO Klasi B ya kibali cha kazi. Mwalimu, unaposema "nina Klasi B", unasema ipi?

Sheria ya ajira za wasio raia ni ya 2015. Kibali kinafungwa na mwajiri aliyetajwa na kazi iliyotajwa, basi. Duka la shemeji yetu si mwajiri wa Baba Chebet, kwa hiyo kesi yake haifanani na hii hata kidogo. Kumiliki hisa ni mali, kupima unga ni kazi.

Kutoka: Baba Chebet, Sinza

Dada, sikusema zinafanana. Nilisema pole.

Lakini kwa kuwa tunasahihishana, umeisahau Amri ya Julai 2025. Biashara 15 zilizokatazwa kwa wasio raia. Sisi sote tulipiga kelele za saluni, uwakala wa pesa za simu na ufundi simu, hatukuisoma orodha mpaka chini. Viwanda vidogo vimo. Karakana ya kuchomelea vikaushio ni nini kama si kiwanda kidogo? Faini yake kuanzia shilingi milioni 10 au jela mpaka miezi sita, na raia anayekusaidia naye ana adhabu yake. Mwalimu, hao raia ni wanafunzi wako.

Kutoka: Wa Mikocheni

Mnabishana vibali, na hakuna aliyeuliza kikaushio chenyewe ni cha nani.

Nilisoma Uswidi. Kule mwalimu wa chuo kikuu akigundua kitu ni chake, chuo hakina dai, na ni hivyo tangu zamani. Profesa wangu alikuwa na kampuni tatu na bado alikuja kusimamia maabara yetu saa mbili asubuhi. Ujerumani walikuwa na utaratibu huo wakaufuta 2002, sasa chuo kinaweza kuuchukua uvumbuzi na mwalimu anapata sehemu. Wamarekani tangu 1980 wanaviachia vyuo umiliki wa uvumbuzi uliolipiwa na serikali kuu, ndiyo maana Stanford ilikuwa na hisa za Google. Kwa hiyo "chuo hisa zake, mimi zangu" halikuanguka kutoka mbinguni. Itafute sera ya miliki bunifu ya chuo chako uisome, maana huenda ulishaisaini siku unaajiriwa.

La pili, na ndilo zito: umeshaandika makala yoyote kuhusu hicho kikaushio? Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, inaombwa BRELA, wale wanaosajili kampuni, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la Afrika kule Harare, ukitaka nchi kadhaa kwa mpigo. Lakini lazima kitu kiwe kipya. Ukishakieleza hadharani kabla ya kuomba, huenda umejifungia mlango mwenyewe.

Kutoka: Mwalimu wa Goba

Kaka, umenigusa pabaya. Nimeshakiwasilisha kwenye kongamano, na michoro, na vipimo vya kila bati, na pembe ya kioo. Nifanyeje? Kupanda daraja wanahesabu makala. Ukinyamaza ili uombe hataza, unabaki mhadhiri mpaka uzeeke, na ukiandika, yeyote mwenye fundi wa kuchomelea anakunakili. Kamati ya kupandisha vyeo inataka kelele, hataza inataka kimya, na fomu ni moja.

Mwezi uliopita tuliletewa semina ya siku mbili ya "fikra za kijasiriamali". Mtoa mada akatuuliza nani amewahi kuuza kitu. Mhadhiri mmoja mkongwe akanyoosha mkono, akasema anauza mayai, ana kuku mia tatu Kibamba. Ukumbi ukapiga makofi. Kumbe nusu ya idara ina kuku, ina bodaboda, ina vyumba vya kupangisha. Ujasiriamali upo tele, ila hauna uhusiano wowote na kinachofundishwa.

Mama Atieno, ya ukaazi ni Klasi B. Ya kazi sikumbuki, karatasi iko kwa afisa rasilimali watu. Lakini swali langu la hisa bado lipo.

Kutoka: Mama Atieno

Husemi "ya kazi sikumbuki" mbele ya dirisha lile. Kaichukue leo.

Na umepita COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia? Wako hapo Sayansi, Kijitonyama, kituo chao cha Buni Hub kiko hapo hapo, wanapokea wabunifu tangu 2011. Au fuata njia ya wahandisi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wale wana BICO yao, ofisi ya ushirikiano na viwanda, kazi ya nje inapita ofisini, chuo kinakata chake, mwalimu analipwa chake. Mkataba unakuwa wa chuo, hausajili kitu kwa jina lako.

Kutoka: Mzee wa Upanga

Wanangu, nawasoma nasikitika. Kuanzia 1963 mpaka 1970 chuo kikuu kilikuwa kimoja, cha Afrika Mashariki: Makerere, Nairobi, Dar es Salaam. Mwanzoni sheria ilifundishwa hapa Dar tu. Kaka yangu alitoka Kisumu na sanduku la bati kuja kuisoma, na alipofika hakuna aliyemwekea kidole juu ya karatasi. Halafu 1977 tukavunja nyumba, Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu tumeijenga upya tunagombania funguo.

Nanyi mnasema dagaa, dagaa. Huyo ni omena! Ziwa ni moja, samaki ni yule yule, akivuka mpaka anabadilishwa jina. Yeye kibali haombi. Nina miaka mingapi sijala omena aliyepikwa vizuri?

Kutoka: Mama Atieno

Mzee, shikamoo. Dagaa wa Mwanza wapo Kariakoo, wazuri kwa macho ila wana mchanga. Waoshe maji ya moto mara tatu, kaanga mpaka walie, ndipo utie nyanya na maziwa. Njoo Jumapili, nitakupikia.

Kutoka: Baba Chebet, Sinza

Maziwa tena? Omena hatiwi maziwa.

Kutoka: Mwalimu wa Goba

Asanteni wote. Fomu inarudi keshokutwa, kwenye ubiasharishaji nimeandika "unaendelea". Kikaushio kiko nyuma ya karakana. Jana jioni nimemkuta mlinzi amekifungua, ameanika shati la sare na jozi mbili za soksi kwenye trei za dagaa. Anasema zinakauka kabla hajamaliza chai, na wenzake wa geti la pili wanataka kumlipa waanike na wao.

Anayemjua wakili wa mambo ya hisa aniandikie pembeni.

Kutoka: Baba Chebet, Sinza

Mlinzi ni raia? Basi huyo ndiye mkurugenzi wako.

Kutoka: Mama Atieno

Mkurugenzi wa kampuni si lazima awe raia. Tafadhali tusipotoshane.