Masta ya mawasiliano ya umma SAUT ukiwa Pemba: sifa, nyaraka, na Mwislamu anakubaliwa?

Mchangamdogo

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nnataka kuomba masta ya mawasiliano ya umma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Mwanza. Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu wa lugha (Kiswahili na Kiingereza), nimeisoma Unguja, GPA 3.2. Kazi yangu ni utangazaji, redio ya jamii huku Pemba. Nyumbani wananiambia chuo cha Kanisa hakimpokei Mwislamu, au kikimpokea atalazimishwa mambo. Hilo lina ukweli? Na shahada isiyokuwa ya habari inatosha? Naomba pia mnitajie nyaraka na makosa yanayofanya maombi yakataliwe, maana kutoka huku si rahisi kufuatilia karatasi Mwanza.

Mwl_Tunguu

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nianze na dini, kwani ndiyo inayowarudisha watu nyuma bure. SAUT inamilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, lakini inasimamiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama ilivyo SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au Chuo Kikuu cha Zanzibar hapa Tunguu, na sifa za kuingia masta ni za kitaaluma. Hata waraka wa Papa wa mwaka 1990 unaoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani, Ex corde Ecclesiae, unasema uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Fomu ikiwa na kisanduku cha dini, andika Uislamu bila ya khofu. Waambie na wazee nyumbani kwamba Mwanza ina misikiti na Waislamu wengi.

GPA yako inafika. Kwenye mfumo wa pointi 5, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, la juu 3.5 hadi 4.3, na mlango wa masta unaanzia 2.7. Kazi yako kubwa ni kuionesha kamati kwamba shahada ya ualimu wa lugha ina uhusiano na mawasiliano. Usiwaachie wao wautafute. Chukua transkripti yako (orodha rasmi ya masomo na alama zako), toa humo masomo kama isimujamii, uchambuzi wa matini, fasihi simulizi na mbinu za utafiti, uyataje kwa majina yake kwenye barua ya maombi, kisha uambatishe barua ya kituo inayoeleza unafanya nini hasa: kuandaa vipindi, kuhariri, kusoma habari. Barua iliyoandikwa "ni mfanyakazi wetu mwaminifu" haisaidii kitu. Chuo kikiona msingi haujatosha kinaweza kukutaka uanze na stashahada ya uzamili, na hapo usivunjike moyo. Hiyo nayo ni njia ya kufika masta.

Bi_Chachani

Kaka Mchangamdogo, mimi nakusisitizia majina. Huku kwetu ndiko maombi yanakofia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Mohamed Salim, cheti cha kidato cha nne Hamis Mohammed Salum, transkripti ina majina mawili tu, na kitambulisho kina tahajia yake. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa anayepokea maombi ni watu wanne, na hana ruhusa ya kukisia. Mifumo mingi ya vyuo inakuomba namba ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linalofuatwa ni lile lililoko NECTA (Baraza la Mitihani). Kwa hiyo fungua akaunti kwa jina la NECTA, herufi kwa herufi. Tofauti ikiwa ni ya tahajia, nenda kwa wakili Chake Chake akuandikie hati ya kiapo inayotaja tahajia zote mbili na kila cheti zilimo. Kama jina lenyewe ni jengine kabisa, kiapo hakitoshi, itabidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Lifanye hili kabla hujagusa fomu.

Nyaraka za kawaida ni cheti cha shahada na transkripti kamili, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, wasifu, na wadhamini wawili wa kitaaluma, yaani watu watakaoandika barua kuthibitisha uwezo wako wa masomo. Karatasi ya matokeo ya muda siyo transkripti. Nakala zigongwe muhuri wa wakili, kila ukurasa, na transkripti usisahau nyuma, maana maelezo ya madaraja mara nyingi yamechapwa huko. Skani kwa mashine, siyo kwa kamera ya simu: picha ya simu inaingia na kivuli, muhuri hausomeki, na faili linakuwa zito mpaka mfumo unalikataa.

Ada ya maombi lipa kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo wenyewe. Mtu akikutaka utume kwenye namba yake ya simu ili "akusukumie", achana naye.

Mwandishi_Ng'ambo

Hapo kwenye wadhamini niongeze. Mmoja angalau awe mwalimu aliyekufundisha na kukusahihishia kazi. Mpe wiki mbili, na umpelekee transkripti na andiko lako; mwalimu mwenye wanafunzi mia hawezi kuandika chochote cha maana juu yako kwa kumbukumbu. Vyuo vingi vinataka barua itoke kwa mdhamini moja kwa moja, tena kwa baruapepe ya taasisi. Ukiibeba wewe, bahasha ifungwe na isainiwe juu ya kifuniko.

Sasa andiko la kueleza kwa nini unaomba. Hapa ndipo mtu wa GPA 3.2 anapomshinda wa 3.9. Wengi wanaandika "tangu utoto napenda utangazaji", na msomaji hana la kushika. Wewe uko redio ya jamii Pemba, una mada mikononi. Kwa mfano: taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi zinasomwa redioni, lakini mvuvi wa Kojani aliyekwenda dago (kambi ya uvuvi mbali na nyumbani) wakati wa kusi (msimu wa upepo wa kusini) anazipata vipi, saa ngapi, na kwa lugha anayoielewa? Akiisikia tahadhari, anaamini redio au anaamini nahodha wake? Hilo ni swali la utafiti. Litaje, useme utawahoji nani na wapi, kisha litie kwenye nadharia moja inayolingana nalo, kama ya usambaaji wa mambo mapya (jinsi jambo jipya linavyoenea kwa watu) au ya matumizi na utoshelevu (watu wanakitumia chombo cha habari kutimiza haja gani). Ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu, kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya kufundishia.

Usiandike sifa za Kanisa ili upendwe. Ila ukitaka kuonesha kwamba unakijua chuo unachokiomba, kumbuka kwamba mafunzo ya habari pale Nyegezi, SAUT iliko Mwanza, yana mizizi katika kituo kilichoanzishwa na maaskofu mwaka 1960, kabla hata ya uhuru wa Tanganyika. Chuo kikuu kikaja 1998. Sentensi moja inatosha.

Kojani_Kwetu

Samahani naingilia. Mwenye shahada ya Khartoum afanyeje? Cheti ni cha Kiarabu.

Bi_Chachani

Dada, wewe una hatua mbili za kutangulia. Kwanza tafsiri ya Kiingereza ya cheti na transkripti, iliyofanywa na mtafsiri anayetambulika na kugongwa muhuri; tafsiri ya rafiki haikubaliki. Pili TCU, ambao ndio wanaotambua shahada za nje. Anza na TCU hata kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana wao huwasiliana na chuo kilichotoa cheti, na tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 majibu kutoka huko si ya kutegemea haraka. Kama una transkripti ya asili, usiitoe mkononi kwa mtu yeyote, toa nakala.

Mchangamdogo

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mkopo je? Na utafiti nikiufanya huku Pemba, kibali cha chuo kinatosha?

Mwl_Tunguu

Mkopo: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inakopesha masta pia. Soma tangazo la mwaka husika uone fani za kipaumbele, na uwe na barua ya kukubaliwa chuo mkononi, kwa hiyo omba chuo mapema. Kama umeajiriwa serikalini, ombi la ruhusa ya masomo lipitie kwa mkuu wa taasisi yako kabla hujathibitisha nafasi. Ukiondoka bila ya hiyo, mshahara unaweza kusimama.

Kibali: barua ya chuo haitoshi. Utafiti wa Unguja na Pemba unahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, halafu utakwenda nacho afisi ya wilaya na kwa sheha (kiongozi wa serikali wa eneo dogo liitwalo shehia) wa kila shehia utakayoingia. Masta yenye masomo ya darasani na tasnifu ina krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kazi ni saa 1,800, na kusubiri kibali kusikulie muda huo. Omba kibali mara tu pendekezo la utafiti linapopitishwa. Na kama mada ni ya wavuvi wa dago, panga kukusanya data kusi likiwa bado linavuma, siyo wakati wameshatawanyika.