Mjadala: Kipimo cha homa ya ini kiwe bure kila zahanati, ndio au hapana?

Wadau habari zenu. Hoja yangu ni kwamba homa ya ini B ipimwe bure kwenye kila zahanati hapa Tanzania, tuanze na kliniki ya wajawazito pale pale wanapopimwa ukimwi na kaswende. Mi nasema ndio, na sababu naijua kutoka nyumbani.

Baba mdogo alianza kwa kuchoka tu, tukajua ni kazi za shamba. Tumekuja kumfikisha hospitali tumbo limeshajaa maji, shati halifungi vifungo, macho ya njano kabisa, na hapo tulishazunguka naye kwa waganga miezi minne tunaambiwa katupiwa jini. Daktari akatuambia ini limesinyaa, virusi anavyo labda tangu utotoni. Wiki tatu tukamzika. Ndo tukapimwa ukoo mzima, mdogo wangu akakutwa navyo, na huyo kila jioni yuko uwanjani anacheza mpira, haumwi popote.

Sasa kuna mchangiaji kasema kupima watu wakati dawa hamna ni kuwatia presha bure. Ndugu yangu dawa ipo! Tenofovir inayofubaza hivi virusi ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge vya wenzetu wa CTC (kliniki ya dawa za ukimwi), halafu si kila mwenye virusi anaanzishiwa, wengine wanafuatiliwa tu kwa vipimo vya damu na ultrasaundi. Na kwa nini naanza na mama? Kichanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki navyo maisha ni kama asilimia 90, mtu mzima haufiki 5. Chanjo inatakiwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, ile ya wiki ya 6 inaweza kukuta maji yameshamwagika. Sisi tuliozaliwa kabla chanjo haijaingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002 ndo kabisa, wengi tunajijua siku ya kuchangia damu.

Hoja ya unyanyapaa naikubali. Kijana anayetaka kazi Uarabuni akikutwa navyo kwenye vipimo vya safari, basi safari imekufa, so lazima aogope. Kwa hiyo majibu yawe siri yake na asipimwe kwa lazima, ila kipimo kiwepo.

Manesi mliomo humu, kituoni kwenu kipimo kipo au mnamwandikia mama akalipie nje?