Risiti za hospitali zinatumaliza. Je, chanzo ni uzito wa mume wangu? Naomba ushauri

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wenye uelewa, na ya waliopitia haya.

Mume wangu ana kilo 112, urefu sentimita 172. Si mgonjwa wa kulala kitandani, kazini anakwenda kama kawaida. Ila hospitali haituachi. Anameza dawa mbili za presha kila siku. Goti la kulia limeshapigwa picha na kuchomwa sindano, bado linauma. Sukari wanasema ipo mpakani. Usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika, nakaa macho nikimsikilizia kama atavuta tena. Kila tatizo lina daktari wake, vipimo vyake na risiti yake. Nimezipanga zote mezani: hakuna iliyo kubwa ya kutisha, lakini ukizijumlisha zinazidi kile tunachoweka akiba.

Daktari mmoja alisema tu "punguza mwili", akaandika dawa, basi. Shemeji anasema ni ya kurithi, ukoo mzima uko hivyo. Tuna akiba kidogo. Tuiweke kwenye sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa siku hizi, tuitunze kwa upasuaji wa goti, au tukate bima nzuri zaidi? Tafadhali msimtukane. Anaumia sana akichekwa.

Tabibu Mstaafu
Pole mwanangu. Hizo risiti usizisome mojamoja. Presha, sukari, goti na usingizi vinagawanywa kwa madaktari wanne, lakini vyote vimo kwa mtu mmoja na kila kimoja kinamchochea mwenzake. Pumzi ikikatika usiku, presha inapanda. Mafuta ya tumboni yanaufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Goti likiuma hatembei, na asipotembea uzito unaongezeka. Kwa vipimo ulivyotoa, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni karibu 38, na Shirika la Afya Duniani linahesabu unene uliopitiliza kuanzia 30. Kwa hiyo ndiyo, uzito unachangia sehemu kubwa ya bili hiyo.

Shemeji naye hajakosea. Kurithi kupo, na ndiyo sababu mumeo asibebeshwe lawama. Ila anayerithi wepesi wa kunenepa bado anaweza kupungua kiasi cha kumsaidia.

Akienda kliniki, angalia ule mkanda wanaomfunga mkononi kupima presha. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma presha ya juu kuliko ilivyo. Nimeona watu wakiongezewa dawa kwa sababu hiyo. Ombeni mkanda mkubwa, msione haya.

Mama Wawili
Baba, asante. Mkanda ulikuwa unaachia kila ukijaa upepo, ikabidi nesi aushikilie kwa mkono! Sikujua kama hilo lina maana.

Tabibu Mstaafu
Lina maana kubwa. Apimwe upya kabla hawajagusa dozi.

Mpenda Hesabu
Dada, naongezea upande wa namba, maana watu wengi hukata tamaa wakidhani lazima mtu arudi kwenye mwili wa ujana wake ndipo aone faida. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliokuwa na sukari ya mpakani kama mumeo waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa kutembea tu. Waliopata kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kulinganisha na wasiopewa mpango huo. Kwa waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, waliopata kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 31.

Asilimia 7 ya kilo 112 ni kama kilo 8. Kwa goti nako, kila kilo inayopungua inaondoa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kilo 8 ni 32, hatua baada ya hatua, kutwa nzima.

Na kisukari kikishaingia, gharama yake haiishi: dawa, vipimo vya damu, macho, figo, miguu. Hapo ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa ugonjwa usiokuja. Haitaonekana kwenye risiti za mwezi ujao, na naomba hilo lisikuvunje moyo.

Nimepitia Huko
Sindano zinafanya kazi, nimezitumia, njaa ilitulia na nilipungua vizuri. Nikaacha kwa sababu ya gharama, na uzito ukaanza kurudi. Watafiti nao waliona hivyo: walioacha semaglutaidi, dawa iliyomo kwenye baadhi ya sindano hizo, walirudisha takribani theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kama akiba yenu ni ya miezi michache, msianzie hapo. Mimi ningeanza na kipimo cha usingizi, cha kuangalia hiyo pumzi inayokatika usiku. Mtu asiyelala hana nguvu ya kutembea wala ya kujizuia kula.

Mama Wawili
Hilo la usingizi hakuna aliyewahi kutuambia. Na akipungua, dawa za presha ataacha?

Tabibu Mstaafu
Asiache mwenyewe hata siku moja. Presha ikishuka, daktari atapunguza dozi polepole. Kuruka dawa ili kubana matumizi ndiko kunakoleta kiharusi, na hakuna akiba ya familia inayohimili gharama za kiharusi.

Karani wa Bima
Kuhusu bima, usisaini kabla ya kusoma sehemu ya magonjwa uliyonayo tayari. Sera nyingi za binafsi huuliza uzito na urefu kwenye fomu, kisha huongeza mchango, huweka muda wa kusubiri, au huondoa kabisa ugonjwa fulani. Uliza kwa maandishi maswali matatu: goti limo? Kipimo cha usingizi na mashine yake ya kupumulia vimo? Mshauri wa lishe analipiwa? Na uzito ujazwe ule wa kweli. Ukifichwa, kampuni ikagundua siku ya madai, inaweza kukataa kulipa hata yale yasiyohusiana na uzito.

Mama Wawili
Basi kwanza mkanda na usingizi. Fomu ya bima ninayo hapa, naanza kuisoma usiku huu.