Miradi ya mazingira inakufa mfadhili akiondoka. Niiingizeje kwenye mpango wa maendeleo?

Mwanamipango

Wakuu, habari za leo. Mimi ni afisa mipango wa wilaya katika mojawapo ya hizi nchi zinazoendelea (jina la nchi naliweka kapuni, bosi wangu naye huwa anapita humu). Nimepewa kazi ya kuandika sehemu ya mazingira kwenye mpango mpya wa miaka mitano, na nimekwama.

Miradi si kwamba hatuna. Ndani ya miaka 10 tumepata minne, kila mmoja na ofisi yake, gari lake, akaunti yake, na ripoti zinazokwenda kwa mfadhili bila kupita kwetu. Mwezi uliopita nilikwenda kukiangalia kitalu cha mradi wa mwisho. Viriba bado vimepangwa kwa mistari, udongo umekauka hadi umepasuka, miche imebaki vijiti. Aliyekuwa akimwagilia alilipwa na mradi. Mradi ulifungwa Juni, naye akafunga bomba Juni hiyohiyo. Simlaumu. Kilichoniuma ni kwamba hatua chache kutoka hapo watu wa barabara walikuwa wanazibua kalavati lililojaa mchanga, mchanga wa kilima kilekile ambacho ile miche ilikuwa ipandwe. Fedha ya kuzibua ipo kila mwaka. Ya kumwagilia haipo.

Nikiuliza vikaoni naambiwa "mazingira ni suala mtambuka". Hilo mtambuka ndilo linaloniua, maana likiwa la wote halina mwenye kifungu cha bajeti. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kalamu Nyekundu

Mtambuka maana yake linatambuka kila idara, halisimami popote. Pole mkuu.

Mama Bajeti

Mdogo wangu, jibu umelileta mwenyewe na hilo kalavati lako. Nimekaa upande wa bajeti miaka mingi, ngoja nikueleze tunavyosoma makabrasha yenu.

Sura ya mazingira tunaifungua mwisho, tukiwa tumechoka na fedha zimeshagawanywa. Hili si geni. Mwaka 1992 kule Rio de Janeiro nchi zilikubaliana kwamba ulinzi wa mazingira uwe sehemu ya maendeleo yenyewe, na ile Ajenda 21, mpango wa utekelezaji uliopitishwa hukohuko, ikatenga sura nzima, ya 8, kwa jambo hilohilo unalouliza leo. Kilichofuata? Nchi nyingi zikaandika mipango ya mazingira ya peke yake, ikakaa kwenye wizara ya mazingira, na wizara ya fedha ikaendelea na mambo yake.

Kwa hiyo usipeleke sura. Nenda uhasibu, omba hati za malipo za kuzibua kalavati hilo kwa miaka mitatu. Jumlisha. Kisha kaa na mhandisi wa barabara muandike mstari mmoja ndani ya bajeti YAKE: kutunza mteremko ulio juu ya kalavati. Nyasi, makingamaji (yale matuta na mitaro ya kuzuia maji yasiteremke kwa kasi), miti, atakachokubali. Yeye ndiye autetee mstari huo kikaoni, wewe kaa nyuma umpe takwimu. Na fanyeni hivyo kabla ukomo wa bajeti haujatangazwa. Ukishatangazwa, kila unachoongeza lazima umnyang'anye mtu, naye atakuwekea kinyongo.

La pili ni hilo bomba. Mfadhili hutoa fedha za kujenga, halafu uendeshaji unakuja kuwa matumizi ya kawaida ya serikali. Kama hati ya makubaliano haikusema mshahara wa mwagiliaji unahamia kwenu lini na kwa kiasi gani kila mwaka, basi mlisaini kifo cha kitalu siku ya uzinduzi, mkiwa mmevaa fulana za mradi.

Fundi Banio

Naunga mkono hoja ya Mama Bajeti. Mimi ni mtu wa maji. Banio letu, pale tunapochepushia maji ya mto, likijaa tope tunalia, lakini sijawahi kuona fedha ya maji ikipanda mlimani kuzuia tope lisishuke. Waliowahi kufanya jambo la namna hii ni Afrika Kusini. Mwaka 1995 walianzisha mpango wa kung'oa mimea vamizi inayokunywa maji kupita kiasi, wakauweka chini ya wizara ya maji na kuajiri watu maskini kuifanya kazi hiyo. Wabunge waliona ajira, watu wa maji waliona mito, na miti ya asili ikapata nafasi humo humo.

Domo la Mto

Samahani, mimi sikubali yote. Mkimezesha kila kitu kwenye barabara na maji, vile visivyo na mhandisi wa kuvililia vinapotea. Kinamasi kisichomzibia mtu kalavati nani atakitetea?

Halafu tathmini ya athari kwa mazingira mnayoitegemea huja wakati barabara imeshachorwa na mkandarasi ameshaleta katapila. Hapo utapunguza vumbi tu. Mleta mada, dai tathmini ya kimkakati, ile inayofanywa kwa mpango mzima wakati bado kuna kuchagua: barabara ipite wapi, au isiwepo.

Mama Bajeti

Domo la Mto, hapo umenishika. Kinamasi kinahitaji sheria, bajeti peke yake haikiokoi.

Andiko Tatu

Mie naandika maandiko ya miradi. Nyongeza fupi kuhusu wafadhili: Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, hulipia gharama ya nyongeza, ile inayoleta faida kwa dunia juu ya kile ambacho nchi ingefanya yenyewe. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni fimbo nzuri ya kumpigia mkurugenzi, kwa sababu bila shughuli zako za msingi kwenye mpango huna cha kuongezea.

Na usisahau programu za kijamii zilizo na fedha tayari. Ethiopia, tangu 2005, kaya zisizo na uhakika wa chakula hulipwa kwa kazi za umma, na sehemu kubwa ya kazi hizo ni kuhifadhi udongo na maji. Kosta Rika nayo huwalipa wenye misitu kwa sehemu ya kodi ya mafuta, tangu miaka ya 1990. 

Mwanamipango

Wakuu, mrejesho. Hati za malipo nimezipata, ingawa mhasibu aliniuliza mara mbili kama kuna ukaguzi unakuja. Kalavati limezibuliwa mara saba kwa miaka mitatu. Mhandisi alikaa kimya kidogo, kisha akasema mstari ataukubali, ila kwa nyasi na makingamaji kwanza. Miti atasubiri aone. Domo la Mto, kinamasi nimekiombea nafasi kwenye kikao cha matumizi ya ardhi, bado sijajibiwa.

Swali moja: mhandisi anataka kutumia kile kitalu kuoteshea nyasi. Akabidhiwe vipi, wakati mradi umeshafungwa?

Mama Bajeti

Kwa barua ya mkurugenzi na orodha ya mali. Bomba liandikwe pia. Nani ana ufunguo?

Mwanamipango

Mratibu wa mradi. Alishahamia mradi mwingine.